Ukuta wa Upande wa Mlima

Kwenye mazishi ya Wakio nilipewa nafasi ya kusema maneno machache, nami nikasema yale yanayosemwa: kwamba alikuwa mwalimu mzuri, kwamba alimpenda Mungu, kwamba ametuachia pengo. Mchungaji aliyenitangulia alikuwa amemwita mama mpole. Watu waliitikia kwa vichwa, na mimi nikaitikia, kwa sababu kaburini si mahali pa kubishana na mchungaji. Lakini gari lilipokuwa likiteremka kutoka Wusi kuelekea Mwatate, nilijikuta nasema kwa sauti, peke yangu, "Mpole wapi!" Wakio ninayemkumbuka mimi amesimama juu ya meza ya chakula, amejifunga leso kichwani, ana panga mkononi, anakwangua rangi ya kijani ukutani huku vipande vikimwangukia usoni, na anasema meno yakiwa yamefungana kwamba nyumba hii itakauka hata ikibidi aipulize kwa mdomo. Niliishi naye karibu miaka miwili, miaka ya sabini, nikiwa mwalimu mpya ambaye hajui lolote. Nimefundisha shule nyingi tangu hapo, nimelea watoto, nimeugua na kupona, na bado nikiulizwa nilijifunzia wapi kukataa kushindwa, jibu langu ni lile lile: ndani ya nyumba ya vyumba viwili na sebule, iliyokuwa inaoza.

Nilifika Wusi mwanzoni mwa muhula wa pili, masika yakiwa yanaishia. Mimi ni mtoto wa Voi, na Voi nguo hukauka kabla hujamaliza kuzianika. Vumbi ndilo tulilopigana nalo. Sikuwahi kufikiria kwamba nyumba inaweza kulowa kwa ndani bila mvua kupita kwenye bati. Nyumba ya walimu ilikuwa imejengwa na kamati ya shule kwa mawe, imeegemea ukingo wa mlima, hivi kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa umezama nusu ndani ya udongo. Ndani ilipakwa rangi ya mafuta, kijani ya kung'aa, na kila mgeni alikuwa anaonyeshwa rangi hiyo kabla hajakaribishwa kiti. Wakio alikuwa amekaa hapo mwaka mzima na binti yake Chao, mtoto wa miaka minne ambaye baba yake alikuwa amefariki kabla hajaanza kutembea. Waliniachia chumba cha mbele. Wao walilala chumba cha nyuma, kile chenye ukuta wa upande wa mlima. Niliweka viatu vyangu vya kanisani ndani ya boksi, nikavisukuma uvunguni, na Jumapili ya pili nilipovitoa nilipiga kelele. Vilikuwa vimeota manyoya meupe, laini, kama vifaranga. Wakio alikuja mlangoni akacheka mpaka akaegemea fremu. "Karibu Wusi, Mueni," akasema. "Huku viatu huota ndevu." Kisha akavichukua, akavifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, na nilipomuuliza ni kitu gani hiki akaniambia ni ukungu tu. Nilichungulia dirishani. Nje nako kulikuwa na ukungu, umetanda mpaka mlango wa choo hauonekani. Nikafikiri, kwa kweli lugha yetu haikukosea kuviita vitu hivi viwili kwa jina moja.

Mwezi wa sita ulipoingia niliacha kucheka. Katika milima ile mvua ikishaisha, baridi ndiyo inaanza. Mawingu hupanda kutoka uwanda wa Tsavo yakalala juu ya migomba, na inaweza kupita juma zima hujaona kivuli chako. Kwenye ukuta wa nyuma yalitokea madoa meusi, kwanza chini karibu na sakafu, kisha yakapanda kama moshi mpaka usawa wa kitanda. Kila Jumamosi tulikuwa tunasugua. Tulianza na sabuni na majivu, tukaenda kwenye dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ile inayowasha macho. Ukuta unatoka safi, kijani kinang'aa, tunakaa sebuleni tunakula viazi na maharagwe tukijisifu, na kufikia Jumatano harufu imerudi. Naikumbuka harufu hiyo kuliko ninavyokumbuka nyuso za watu wengi: kama gunia la mahindi lililosahaulika. Ilikuwa kwenye blanketi, kwenye mkate, kwenye madaftari ya watoto tuliyokuwa tunasahihisha. Na kulikuwa na kifua cha Chao. Alipolala kilipiga mluzi mdogo, juu na chini, na mimi upande wa pili wa ukuta niliusikia nikivaa asubuhi, nikawa najua hali yake kabla sijamwona.

Jumapili moja ya mwezi wa nane, tukijitayarisha kwenda kanisani, Chao alisimama katikati ya sebule na kiatu kimoja mguuni akashindwa kuvuta pumzi. Midomo iligeuka rangi. Wakio alimbeba mgongoni tukakimbia hadi barabarani, tukabahatika kupata lori la mboga lililokuwa likielekea hospitali. Alipata nafuu jioni ile. Daktari, kijana mwenye sauti ya chini, alituuliza mtoto analala wapi, na Wakio alipomweleza akasema bila kuzungusha: "Dawa nitawapa. Lakini mkimrudisha kulala kando ya ukuta huo, mtarudi hapa." Tulikuwa bado tumekaa kwenye benchi alipofika Mama Mghoi, nyanya ya mtoto, mama mzazi wa yule marehemu, habari zilimfikia Ronge akaja kwa miguu na kwa lori. Hakuketi. Alimtazama mjukuu wake amelala, kisha akamwambia Wakio, "Huyu anakwenda Voi kwa shangazi yake. Voi kuna jua. Mghoi binti yangu hakujaliwa mtoto, atamlea kama wake."

"Mama, ni wangu," Wakio akasema.

"Ni wako akiwa hai."

Nilitamani ardhi inimeze. Wakio alikigeuzageuza mikononi kile kiatu kimoja tulichokuja nacho. Kisha akasema mtoto ataenda, lakini si moja kwa moja. Aende mpaka mwezi wa nane mwingine, baridi ya mwaka ujao iwe imepita kwenye ule ukuta. "Uje mwenyewe, Mama, uone. Ukiukuta mkavu, mtoto anarudi kwangu na hatutalizungumza tena." Mama Mghoi alimkazia macho. "Nami nikiukuta kama ulivyo," akasema, "usinililie." Wakakubaliana hivyo, wanawake wawili waliompoteza mtu yule yule, na kesho yake Chao akapelekwa Voi.

Nadhani Wakio hakulia kwa sababu hakuwa na nafasi. Juma hilo hilo alikwenda kwa Mzee Mwadime, mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu mrefu mwenye kofia ya kahawia ambaye alikuwa ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba. Mzee alisikitika kweli. Alikuja na kopo jingine la rangi ile ile ya kijani, akaipaka mwenyewe ukuta wote wa nyuma, tabaka mbili, akatuambia sasa maji hayana pa kupita. Tulimpikia kimanga, mchanganyiko wa kupondwa wa viazi na maharagwe, tukamshukuru. Vuli ilipoanza kunyesha, rangi ikaanza kuvimba. Yalitokea malengelenge, mengine makubwa kama sahani. Jioni moja Wakio aliingia na mshumaa, akayatazama kwa karibu, akatoa pini kwenye nywele zake akalitoboa moja. Maji yakamwagika. Hayakudondoka, yalimwagika, yakateremka ukutani mpaka sakafuni. Akatoboa la pili, na la tatu. Aligeuka kuniangalia, na uso wake haukuwa wa mtu aliyekata tamaa, ulikuwa wa mtu aliyeonyeshwa mlango. "Mueni," akasema, "miezi yote hii tunausugua ukuta usoni. Ugonjwa uko mgongoni. Haya maji yanatoka mlimani, na rangi ndiyo imeyafungia yasitoke."

Hapo ndipo alipopanda juu ya meza na panga. Tuliikwangua rangi siku baada ya siku tukitoka shuleni, mpaka mikono ikafa ganzi, tukala viazi vyenye chembe za kijani. Habari zilitutangulia. Nilikuwa nyuma ya ua wa bomba nikisubiri zamu yangu ya maji, nikawasikia wanawake wawili waliokuwa mbele.

"Umesikia? Walimu wamekwangua rangi ya kamati."

"Yote?"

"Yote. Ukuta uko uchi."

"Na Mzee Mwadime amesemaje?"

"Hajasema. Hapo ndipo pabaya."

Mzee mwenyewe alisema Jumamosi iliyofuata. Alisimama mlangoni asiingie, kofia kichwani. "Mwalimu Wakio, rangi hii tulizunguka nyumba kwa nyumba kuiomba. Kuna mama hapa alitoa kuku." Wakio alishuka mezani, nywele zimejaa vumbi la kijani, akamwamkia kwa heshima zote kama kwamba alikuwa amevaa nguo za harusi. "Najua, Mzee. Na walitoa kwa moyo. Lakini sikwangui rangi ya wazazi. Nakwangua maji yaliyojificha nyuma yake. Ingia uguse." Mzee aliingia shingo upande. Aliweka kiganja kwenye mawe, akakitoa, akakinusa. Akatoka, akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata kama watoto wa darasa la kwanza. Alisimama kwenye ukingo, akapiga ardhi kwa kisigino hapa na pale. "Hapa mvua ilikuwa na mkondo wake," akasema hatimaye. "Tulipolinganisha kiwanja tuliufukia. Tuliona tu ni bonde dogo linalotusumbua." Akavua kofia akajifuta paji la uso. "Maji hayakuhama, walimu. Sisi ndio tuliojenga kwenye njia yake."

Akarudi na sururu, na mkewe, na jembe la ziada. Tulichimba mtaro nyuma ya nyumba, kutoka kona moja mpaka nyingine na kuendelea mteremkoni hadi kwenye migomba, kina kirefu kuupita msingi, tukaujaza mawe chini. Tulikuwa tunachimba baada ya masomo, matope yakijirudisha tulikoyatoa, na shule ilipofungwa mwezi wa kumi na mbili tukachimba kuanzia asubuhi. Sikuenda nyumbani likizo hiyo isipokuwa kwa Krismasi. Nilikwenda, na siku ya pili yake nikapita kwa Mghoi, kwenye nyumba za reli, kumsalimu Chao.

Laiti Mghoi angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi. Alinikaribisha pilau, akaniongezea nyama bila kuniuliza. Chao alikuwa amenenepa. Alikimbiza kuku kwenye ua wenye jua, na nilipomwita alinijia, akanishika mkono kwa adabu kama mgeni, kisha akageuka akasema, "Mama, Anti Mueni amekuja." Mama aliyekuwa akiitwa alikuwa Mghoi. Tulitazamana, yeye na mimi. "Sikumfundisha," akasema taratibu. "Watoto husema wenyewe." Baadaye nikinawa mikono nje nilimsikia akizungumza na mumewe nyuma ya pazia. "Mwakani ataanza chekechea. Akishaanza shule huku, nani atamng'oa?" Mume akasema jambo ambalo sikulisikia, na Mghoi akajibu, "Nimemnunulia kitanda. Mtu hanunui kitanda cha mgeni." Sauti yake haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa na njaa.

Nilirudi Wusi nikiwa sijui kama nitasema. Wakio alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, na aliniuliza mara moja, "Anasemaje?" Nikamwambia amenenepa. Nikamwambia kifua kimetulia kabisa. Akasubiri, kisu kikizunguka kwenye kiazi. Basi nikamwambia na lile jingine, kwamba anamwita Mghoi mama, na kuhusu kitanda. Ganda lilikatika. Alimaliza kile kiazi, akakiweka ndani ya maji pamoja na vingine, akajifuta mikono kwenye kanga, akatoka. Nilifikiri amekwenda kulia. Mvua ilikuwa inanyesha ile nyembamba ya milimani, isiyo na sauti. Nilipotoka kumtafuta nilimkuta ndani ya mtaro, maji yamefika vifundoni, anachimba. Nikashika jembe nikaingia upande wa pili. Tulichimba mpaka giza lilipotutoa.

Kiangazi kifupi cha mwanzo wa mwaka kilitusaidia. Tuliondoa migomba iliyokuwa inaufunika ukuta wa pembeni, jua likaupata. Ndani tuliacha mawe na plasta vipumue wiki nyingi, mpaka mikwaruzo ikaanza kutoa vumbi kavu, halafu tukapaka chokaa nyeupe isiyofungia maji. Masika yalipoanza tulikuwa tunatoka mvua ikinyesha kwenda kutazama mtaro jinsi wengine wanavyokwenda kutazama harusi. Maji yalishuka mlimani mekundu, yakaingia mtaroni, yakageuka, yakaondoka zake kuelekea bondeni. Ukuta chini ulikuwa mkavu. Mzee Mwadime alileta kuku mzima, akatuambia tusiulize.

Na mwezi wa tano, ukungu ukarudi.

Haukurudi pale ulipokuwa. Ulirudi juu, kwenye pembe za dari, na nyuma ya kabati, madoa madogo ya kijivu kama vidole vya mtu mchafu. Wakio aliketi kitandani. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho mwaka ule kumwona ameketi mchana bila kazi mikononi. Nikasema maneno ya kumtuliza, mengine ya kijinga. Hakunisikiliza. Alikuwa anatazama dirisha. Usiku uliotangulia mvua haikuwa imenyesha, lakini kioo kwa ndani kilikuwa kinatiririka. Akainuka, akapitisha kidole kwenye kioo, akakitazama. "Haya hayatoki mlimani," akasema. "Haya ni yetu." Akaanza kuzunguka nyumba akinyooshea vitu kidole: birika linalochemka sebuleni jioni nzima ili tupate joto, soksi na nguo zangu zilizotundikwa kwenye kamba juu ya jiko, kabati lililobanwa ukutani, madirisha tuliyoyaziba kwa matambara kuzuia baridi, na sisi wenyewe tunaohema humo ndani usiku kucha. Mtaro ulikuwa umeyafukuza maji ya mlima, na sisi tulikuwa tunaingiza mengine kwa mlango wa mbele.

Kwa hiyo ikaanza sehemu ya pili, ambayo kwangu ilikuwa ngumu kuliko kuchimba, kwa sababu kuchimba kuna mwisho. Jiko lilitoka nje kabisa, kwenye kibanda tulichoezeka pembeni. Tulipika kimanga tukiwa tumevaa makoti, tukala haraka. Sufuria ilipata mfuniko. Nguo zilianikwa chini ya upenu hata kama zingekaa siku tatu. Vitanda na kabati vilivutwa, mtu aweze kupitisha mkono nyuma yake. Mzee Mwadime alitoboa matundu juu ya ukuta, chini ya paa, akayawekea wavu wa kuzuia panya. Na madirisha yalifunguliwa, yote, kila ukungu wa nje ulipoinuka, hata kama ni kwa saa mbili, na kufungwa kabla haujateremka tena. Ikiwa tuko darasani, mmoja wetu alikimbia nyumbani wakati wa mapumziko. Wanafunzi walizoea. Kila asubuhi, kabla ya chai, Wakio alipita na kitambaa kikavu kwenye vioo na kwenye pembe, kama padri anayezunguka altare.

Mimi mtoto wa Voi niliumia. Nililala na soksi na kofia ya sufu. Asubuhi moja nilipandwa na hasira, nikalifunga dirisha ambalo alikuwa amelifungua punde tu. "Wakio, nitakufa na nimonia ukuta ukiwa mkavu!"

"Basi tutakulaza kwenye ukuta mkavu watu waje kukuaga."

"Sifanyi mzaha."

"Wala mimi," akasema, akalifungua tena. Lakini jioni nilikuta blanketi lake la pili limekunjwa juu ya kitanda changu, na nilipolirudisha nikalikuta tena kesho yake. Siku hizi watu huniuliza uzalendo ni nini, upendo ni nini, mambo makubwa kama hayo, kwa vile nimezeeka. Mimi huliona blanketi la kijivu.

Mama Mghoi alikuja mwezi wa nane kama alivyoahidi, kwenye wiki mbaya kuliko zote, ukungu umelala juu ya bati tangu Jumatatu. Alikuwa amemshika Chao mkono. Chao alikuwa amerefuka. Alimtazama mama yake, akajificha kidogo nyuma ya kanga ya nyanya yake, na Wakio hakumkimbilia. Alichuchumaa tu pale alipokuwa, akampa muda. Mama Mghoi aliingia chumba cha nyuma, akanusa, akapapasa chokaa kutoka chini mpaka alipofikia mkono wake. "Mchana kila ukuta una adabu," akasema. "Nitalala hapa." Akalala, yeye na mtoto, kwenye kitanda cha kando ya ukuta ule, si siku moja, juma zima. Asubuhi ya kwanza nilisimama na nguo mkononi nikisikiliza. Nilisikia nyanya akikoroma. Mluzi sikuusikia. Wala asubuhi ya pili.

Siku moja kabla hajaondoka aliita kwa sauti kali, "Wakio! Njoo hapa." Tulikwenda wote wawili. Alikuwa amesogeza sanduku lake la nguo, ambalo alikuwa amelisukuma mwenyewe mpaka likagusa ukuta, na nyuma yake kulikuwa na doa la kijivu, upana wa kiganja. Alilionyesha kwa kidole. Mwaka mzima, mtaro, mikono, baridi yote ile. Nilifungua mdomo kujitetea, kueleza habari ya sanduku, lakini Wakio alinigusa mkono. Akaenda kuchukua kitambaa, akapiga magoti, akalifuta doa, akapanguza tena kwa kikavu, akasogeza sanduku mbali na ukuta, akafungua dirisha. Kisha akasimama mbele ya mama mkwe wake.

"Ukungu utarudi, Mama. Sitakudanganya. Huku milimani ndiko kwao. Utarudi kila mwaka, nyuma ya sanduku, nyuma ya mlango, popote tutakapoupa nafasi. Sikuahidi kuwa hautarudi. Nakuahidi kuwa utanikuta hapa."

Mama Mghoi alimtazama kitambo, akatazama mikono yake, iliyokuwa imekakamaa kama ya mchimba mawe. Akaenda jikoni kuota moto.

Kesho yake tulimsindikiza barabarani. Alikuwa amebeba sanduku lake, na furushi la nguo za Chao alikuwa ameliacha juu ya kitanda. Hatukuthubutu kuuliza. Lori lilipoonekana kwenye kona akamwinamia mtoto, akamwambia asichezee matope, kisha akamgeukia Wakio kana kwamba amekumbuka jambo dogo. "Mghoi ameumia. Utamwandaa mtoto akae naye kila likizo ya mwezi wa nne. Kitanda chake kitabaki pale pale."

"Sawa, Mama."

"Na nyumba yangu ya Ronge, chumba cha nyuma kina harufu. Nilifikiri ni uzee." Akapanda, akapokea sanduku. "Shule ikifungwa mje na yale majembe yenu."

Tulikwenda mwezi wa kumi na mbili, Wakio, Chao na mimi. Nilikuwa nimeshapata barua ya uhamisho, nilikuwa nirudi Voi Januari, nilikokuwa nimekutamani mwaka mzima, na sasa sikuwa na haraka. Mama Mghoi alitukaribisha kwa uji wa moto, akatuonyesha ukuta, na kabla jua halijakaza tulikuwa tumeshafungua udongo. Nyumba yake ilikuwa chini ya mteremko mkali, na udongo tuliouchimba ilibidi upandishwe juu ya ukingo ili mvua isiurudishe. Tulipumzika mara kwa mara, tukishika viuno. Chao hakupumzika. Alikuwa ameomba karai dogo, akalijaza udongo, akajitwika, akaanza kupanda ule mteremko mbio, peku, akitikisa kichwa kwa wimbo aliojitungia. Sisi wakubwa watatu tuliacha tulichokuwa tunafanya. Tulisikiliza kifua chake jinsi tulivyokuwa tumezoea kusikiliza. Alifika juu, akamwaga udongo, akageuka akatupungia mkono, na pumzi yake ilikuwa ya mtoto aliyekimbia tu. Mama Mghoi akajifanya anatafuta kitu kwenye kanga. Wakio akatema mate viganjani, akainua sururu, akaendelea kuchimba.